Paukwa kwa Mtoto Asiyesikia: Kupanga Hadithi za Simu ili Nyumba Nzima Ijifunze Lugha ya Ishara

Jioni baada ya chakula, nyanya anasema "Paukwa!" na watoto wote wanaitikia "Pakawa!" Mmoja haitikii. Anatazama midomo ya wenzake, anacheka wakicheka, na hadithi ikiisha anaenda kulala bila kujua sungura alimfanyia nini fisi.

Ndugu wasomaji, mtoto wa namna hii yuko katika vijiji vyetu vingi. Si kwamba wazazi wake hawampendi. Wanamlisha, wanamvisha, wanamwombea. Lakini hawana lugha ya kuongea naye, na yeye hana lugha ya kuwajibu.

Siku hizi simu janja imefika mashambani, na watu katika vikundi wanauliza: Je, hatuwezi kutia hadithi ndani ya simu, zikaonyeshwa kwa ishara, ili mtoto na wazazi wajifunze pamoja? Jibu ni kwamba inawezekana, na wengine wamekwisha kufanya hivyo. Lakini programu ya simu iliyopangwa vibaya ni pesa zimetupwa. Makala hii inaeleza jinsi ya kuipanga vizuri, na pia mahali ambapo simu haiwezi kusaidia.

KWA NINI NYUMBA NZIMA IJIFUNZE?

Utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 viziwi, zaidi ya 90 wamezaliwa na wazazi wanaosikia. Wengine huzaliwa wakiwa viziwi. Wengine hupoteza kusikia wakiwa wadogo, kwa mfano baada ya homa ya uti wa mgongo au surua. Kwa hivyo mara nyingi mtoto kiziwi ndiye wa kwanza katika ukoo wake, na hakuna mtu nyumbani anayejua la kufanya.

Mtoto anayesikia hafundishwi lugha darasani. Anaiokota nyumbani, kwa mama anayemwimbia na kwa ndugu wanaogombana. Mtoto kiziwi haokoti kitu. Akifika shuleni akiwa na miaka sita au saba, mwalimu anamkuta hana lugha hata moja. Miaka ya kwanza ndiyo ubongo hushika lugha kwa urahisi zaidi, na ikipita bure, kusoma na kuandika huwa mlima.

Tena si mambo ya shule peke yake. Mtoto asiye na lugha hawezi kumweleza daktari anaumwa wapi. Hawezi kusema ni nani aliyempiga njiani, au ni nani aliyemshika vibaya. Watu waovu wanajua hivyo, ati huyu hatasema. Lugha ni ulinzi wa mtoto.

Wazazi wengine watasema, "Sisi tuna ishara zetu hapa nyumbani." Ni kweli, na ni mwanzo mzuri. Mama akionyesha mdomo, mtoto anajua ni chakula. Lakini ishara za nyumbani huishia hapo karibu. Utamwambiaje kwamba baba atarudi Ijumaa, au kwamba nyanya amekufa na hatarudi? Hapo ndipo lugha kamili inapohitajika.

Lugha hiyo tunayo. Ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo viziwi wenyewe huiita KSL. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Serikali iikuze, na kifungu cha 120 kinaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Si Kiswahili kilichotiwa mikononi. Ina sarufi yake, na uso ni sehemu ya sarufi hiyo. Nyusi zikipanda au kushuka, maana inaweza kubadilika. Pia haifanani na lugha ya ishara ya Marekani wala za nchi nyingine. Kwa hivyo video yoyote tu ya ishara iliyotoka kwenye intaneti haitatufaa.

Kuna woga mmoja ambao ni lazima tuuondoe. Watu husema ati mtoto akifundishwa ishara atakuwa mvivu wa kujaribu kuongea. Utafiti haujathibitisha jambo hilo. Mtoto aliyepata lugha moja kamili mapema ana msingi wa kujengea nyingine, na kusoma Kiswahili kumo humo.

WENGINE WALIANZAJE?

Miaka ya 1990, kabla ya simu hizi, kule Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi mjini Washington, Marekani, kulikuwa na mpango wa kusoma pamoja ulioendeshwa na mwalimu David Schleper. Walijiuliza swali rahisi: wazazi ambao wao wenyewe ni viziwi, huwasomeaje watoto wao viziwi? Maana watoto wa wazazi hao hupata lugha tangu utotoni. Mwaka wa 1997 Schleper alieleza kanuni 15 zilizotokana na mafunzo hayo.

Nyingi zinaeleweka hata na mama aliye shambani. Mzazi kiziwi hafuati maandishi neno kwa neno, bali anasimulia. Humgusa mtoto begani ili atazame. Hufanya ishara karibu na picha, au juu ya mwili wa mtoto mwenyewe. Hubadilisha uso na mwili akawa fisi, kisha akawa sungura. Hurudia hadithi ile ile mara nyingi mtoto akitaka. Na huunganisha hadithi na vitu vya nyumbani: ng'ombe wa kitabuni, kisha ng'ombe wa zizini.

Kila familia ilipewa mfuko. Ndani mlikuwa na kitabu, kanda ya video ya kiziwi mtu mzima akisimulia kitabu hicho, karatasi ya mambo ya kufanya, na kipande cha kuwekea alama chenye mashauri mafupi. Pia, na hili ndilo kubwa, mwalimu kiziwi alikuja nyumbani kuwafundisha.

Mwaka wa 2013 kituo kimoja cha utafiti cha chuo hicho hicho kilitoa programu ya hadithi ya kubeba kwenye kifaa cha kugusa, iitwayo The Baobab, yaani mbuyu. Ndani yake msomaji anaweza kutazama hadithi nzima kwa ishara, au kuisoma huku akigusa maneno aone ishara zake, au kujifunza maneno peke yake. Hapa kwetu, kampuni ya eKitabu ya Nairobi, kupitia studio yake ya KSL, imetengeneza hadithi za video kwa Lugha ya Ishara ya Kenya ikishirikiana na viziwi. Kikundi kikitaka kuanza, kwanza kitafute zilizopo kabla ya kutengeneza zake. Hakuna haja ya kuchimba kisima kando ya kisima.

MAMBO NANE YA KUPANGA

1. Anza na kiziwi mtu mzima. Asiitwe mwisho kurekodiwa tu. Akae kwenye kamati tangu siku ya kwanza, aseme hadithi ipi ifae na ishara ipi ni sahihi. Kanisa lina mfano mzuri hapa. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 11. Alihitimu Gallaudet mwaka wa 1954, akafungua shule ya viziwi nchini Ghana mwaka wa 1957, na kabla ya kufa katika ajali ya ndege huko Rwanda mwaka wa 1987, akiwa safarini kuja Kenya, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika Afrika. Kiziwi mwenyewe ndiye aliyekuwa mwalimu na mhubiri.

2. Chagua hadithi fupi. Kurasa nane zatosha, na sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa. Hadithi yenye maneno yanayorudiwa ni bora, maana baba atashika ishara hizo upesi. Mpango wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya. Leseni yake ni huru: mnaweza kuzitumia na kuzibadilisha mradi mtaje majina ya waandishi na wachoraji. Hadithi za nyanya zenu pia ni mali. Ziandikeni kabla hazijapotea.

3. Jicho moja, kazi moja. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Mtoto anayesikia anaweza kutazama picha huku anasikiliza. Mtoto kiziwi anasikiliza kwa macho. Akitazama picha, haoni ishara. Akitazama ishara, haoni picha. Kwa hivyo picha ije kwanza, itulie. Mtoto akishaitazama, mzazi aguse, na msimulizi atokee. Ishara zikiisha, picha irudi. Vitu vya kurukaruka pembeni na maandishi yanayotembea vyote viondolewe. Programu isiende ukurasa unaofuata yenyewe. Ingoje.

4. Iwe na sehemu tatu. Ya kwanza ni kutazama hadithi nzima ikisimuliwa. Ya pili ni kusoma ukurasa kwa ukurasa. Ya tatu ni kujifunza maneno: gusa neno au picha ya mbuzi, uone ishara ya mbuzi, polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida. Lakini msifanye maneno peke yake kuwa ndiyo programu. Mtu anayejua ishara 100 za vitu na hawezi kusema "jana mbuzi alikula nguo yangu" bado hajapata lugha.

5. Mkumbukeni nyanya. Pengine hasomi, na ndiye anayeshinda na mtoto. Vifungo viwe picha, si maandishi tu. Iwekwe pia sauti ya kusimulia kwa lugha ya nyumbani, ili anayesikia ajue hadithi inasema nini kabla ya kuifanya kwa mikono. Chini ya picha yawepo maandishi ya Kiswahili, na ya lugha ya mama ikiwezekana, ili mtoto azoee kuyaona. Mwisho wa kila ukurasa pawe na jambo moja dogo la kufanya pamoja, kwa mfano: "Mwonyeshe mtoto jiko letu. Fanyeni ishara ya moto."

6. Video iwe safi. Msimulizi aonekane kuanzia kichwani hadi kiunoni, na nafasi pande zote ili mikono isikatwe. Mwanga utoke mbele yake, si nyuma. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, ili vidole vionekane. Ukuta wa nyuma uwe mtupu. Picha 25 kwa sekunde ni kipimo kizuri, kwa sababu ishara ni mwendo, na video inayokatakata haisomeki.

7. Itumike bila mtandao. Tufanye hesabu. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde inachukua karibu megabaiti 3.75 kwa dakika. Hadithi ya kurasa nane, sekunde 15 kila ukurasa, ni dakika mbili, yaani megabaiti 7.5. Hadithi 10 ni megabaiti 75. Hizo zinaingia kwenye memori kadi ndogo, na mtu mmoja aliye na bando anaweza kupakua mara moja na kuwagawia wengine siku ya mkutano. Programu inayodai mtandao kila jioni itafunguliwa wiki moja tu, kisha basi.

8. Mlindeni mtoto. Msirekodi watoto bila ruhusa ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai kibali cha mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Programu isiulize jina la mtoto, kijiji wala shule. Isiwe na matangazo. Picha ya mtoto asiyeweza kujitetea kwa maneno isitembezwe kwenye simu za watu.

JARIBUNI KWA KARATASI KWANZA

Kabla ya kumlipa kijana aliyesomea kompyuta, kateni manila vipande vya ukubwa wa simu. Choreni kila ukurasa na vifungo vyake. Mpeni mama mmoja, mwambieni, "Ifungue hadithi," halafu mnyamaze. Akigusa mahali pasipofaa, si yeye aliyekosa. Ni mchoro wenu. Ubadilisheni mjaribu tena. Karatasi ni rahisi kurarua, lakini programu iliyokwisha kulipiwa hakuna anayetaka kuirarua.

Kisha jaribuni na familia tatu, kwa simu zao wenyewe, hata kama kioo kimepasuka. Nendeni jioni, wakati halisi wa hadithi, muone kama kuna mwanga wa kutosha. Taa ya sola iangaze uso na mikono ya anayesimulia. Giza likiingia, mtoto kiziwi ni kama amezibwa masikio mara ya pili.

Mtapimaje kama inafaa? Msihesabu mara ngapi imefunguliwa. Angalieni jambo hili: je, mtoto anainua macho kutoka kwenye simu akamtazama mama? Je, siku ya tatu kuna mtu aliyeiweka simu chini akafanya hadithi kwa mikono yake mwenyewe, hata kwa makosa? Ikiwa ndiyo, mpango unafanya kazi. Ikiwa mtoto anatazama simu peke yake kwenye kona huku wakubwa wanaongea yao, mmempa kitu cha kumnyamazisha, na alikuwa amenyamaza tayari.

SIMU SI MWALIMU

Kumbukeni ule mfuko wa miaka ya 1990. Programu ya simu ni mfuko tu. Imechukua nafasi ya kitabu na kanda. Haijachukua nafasi ya yule mwalimu kiziwi aliyebisha hodi. Video haioni kwamba kidole cha baba kimekaa vibaya. Haijibu swali. Na haimwonyeshi mtoto kwamba kuna mtu mzima kama yeye, mwenye kazi na familia.

Kwa hivyo kikundi kikipanga bajeti, kiandike kwanza nauli na malipo ya mwalimu kiziwi, hata mara mbili kwa mwezi, kisha ndipo kiandike simu. Msiseme ati atajitolea kwa sababu ni kazi ya Kanisa. Fundi wa paa la kanisa tunamlipa. Mkikosa pa kumpata, ulizeni shule ya viziwi iliyo karibu, au kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Hapo pia mtoto atapimwa masikio.

Na wale wenye simu ya mulika mwizi wasijione wameachwa. Simu janja moja ya kikundi, hadithi moja kwa mwezi, na kila Jumamosi familia zinakutana, zinatosha kuanza. Mpango wa mwezi wa kwanza unaweza kuwa hivi:

Wiki ya kwanza: tazameni hadithi nzima mara tatu. Jifunzeni ishara tano tu.

Wiki ya pili: ongezeni ishara tano. Kila mtu afanye ukurasa mmoja.

Wiki ya tatu: funikeni simu. Mwalimu kiziwi asahihishe.

Wiki ya nne: watoto waigize hadithi mbele ya wote, wanaosikia na wasiosikia pamoja.

Kwa mpango huo, mwaka ukiisha nyumba itakuwa na hadithi 12, na mengi zaidi ya hadithi.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, tunasoma juu ya Yesu na kiziwi aliyeletwa kwake. Kabla ya kumwambia neno, alimtoa kando na umati, akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni. Alianza na mambo ambayo mtu yule angeweza kuyaona. Nasi tuanze hapo. Pale mnapokaa jioni, mwulizeni mwalimu wenu kiziwi jinsi ya kusema "Paukwa" kwa mikono. Halafu mgeukieni yule mtoto, mmngoje ajibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu kuna watoto wangapi wasiosikia? Tunawajua kwa majina, au tunawaita "bubu" tu?

2. Nani nyumbani hushinda na mtoto huyo? Je, mtu huyo anaweza kusoma? Ana simu ya aina gani?

3. Ni kiziwi gani mtu mzima tunayeweza kumwalika katika kamati? Tutamlipa nini?

4. Ni hadithi ipi ya wazee wetu ambayo tungependa iwe ya kwanza?